Idadi ya Watu na Mahali Wanapoishi: Msingi wa Mipango ya Huduma Mpanda

Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, 2012, Mkoa wa Katavi, uliokuwa na miezi michache tangu kuanzishwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, ulikuwa na watu 564,604. Miaka kumi baadaye, katika Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, 2022, mkoa huo huo ulihesabiwa kuwa na watu 1,152,958. Ongezeko hilo la watu 588,354 ni kubwa kuliko idadi nzima ya wakazi waliokuwapo mwaka 2012. Kwa wastani, wakazi wa Katavi waliongezeka kwa asilimia 7.1 kila mwaka, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 3.2. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo.

Takwimu hizo zinabeba maana nzito kwa kila ofisi inayotoa huduma kwa wananchi. Idadi ya watu ikiongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, huduma zote zilizopo zinapaswa kuongezeka maradufu ili hali ibaki ilivyokuwa, na zinapaswa kuzidi hapo ili hali iwe bora. Darasa moja linahitaji la pili, kituo kimoja cha kuchotea maji kinahitaji kingine, na muuguzi mmoja anahitaji mwenzake. Hata hivyo, kujua kwamba watu wameongezeka hakutoshi. Mtaalamu wa mipango anapaswa pia kujua watu hao wako wapi, wana umri gani, na ni kipi kilicho kati yao na huduma wanayoihitaji. Makala haya yanaeleza namna taarifa hizo zinavyopatikana, zinavyotumika katika kupanga, na kile ambacho mwananchi anaweza kufanya ili ziwe sahihi.

Wastani unaoficha ukweli

Mkoa wa Katavi una eneo la takribani kilomita za mraba 45,843. Ukigawanya idadi ya watu ya mwaka 2022 kwa eneo hilo, unapata wastani wa watu 25 kwa kila kilomita moja ya mraba, kutoka watu 12 mwaka 2012. Wastani huo ni sahihi kwa hesabu, lakini hauonyeshi hali ya mahali popote mahususi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi peke yake ina kilomita za mraba 4,471 ambazo hazina vijiji, na yapo pia mapori na misitu iliyohifadhiwa. Kwa upande mwingine, katika kata za katikati ya mji wa Mpanda kama Kashaulili, Majengo na Makanyagio, nyumba zimesongamana, ilhali katika kata za pembezoni kama Mwamkulu, Kakese na Kasokola kaya nyingi zimetawanyika kufuata mashamba.

Hata ndani ya kata moja hali hutofautiana. Upande mmoja unaweza kuwa na nyumba zilizojipanga kando ya barabara, na upande wa pili ukawa na familia zilizohamia karibuni na kufungua mashamba kilomita kadhaa kutoka shule iliyo jirani. Jedwali linaloonyesha jumla ya watu wa kata haliwezi kuwatofautisha wakazi hao. Ramani inayoonyesha kila makazi yalipo inaweza.

Mifano miwili ya hesabu

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka vigezo viwili vya huduma ya maji vijijini vinavyokwenda pamoja. Kigezo cha kwanza ni kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250. Cha pili ni kwamba mwananchi asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia kituo hicho. Chukulia vijiji viwili, kila kimoja kikiwa na watu 3,000. Kwa kigezo cha kwanza, kila kijiji kinahitaji vituo 12, kwa kuwa 3,000 ikigawanywa kwa 250 jibu ni 12. Mpango ukiishia hapo, vijiji hivyo vitapewa fedha sawa na vituo sawa.

Sasa chukulia kwamba kijiji cha kwanza wakazi wake wamekaa ndani ya kilomita moja ya mraba, na cha pili wametawanyika katika kilomita za mraba 12. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 400 lina eneo la takribani nusu kilomita ya mraba. Kwa hiyo, katika kijiji cha kwanza vituo 12 vitatosheleza vigezo vyote viwili. Katika kijiji cha pili, ili kila kaya iwe ndani ya mita 400, vitahitajika vituo visivyopungua 24. Vikijengwa 12 pekee, karibu nusu ya eneo la kijiji litakuwa nje ya umbali uliokusudiwa, ingawa taarifa ya mradi itasema lengo la idadi ya watu limefikiwa kikamilifu. Wanaolipa gharama ya tofauti hiyo ni wanawake na watoto wanaobeba ndoo kwa umbali mrefu. Na huenda suluhisho la kijiji cha pili lisiwe kuongeza vituo vya bomba, bali kuchimba visima vidogo karibu na kila kundi la kaya. Uamuzi huo hauwezi kufanyika bila ramani.

Mfano wa pili unahusu chanjo. Kila kampeni ya chanjo huanza kwa kukadiria idadi ya watoto wanaolengwa, na dozi, wahudumu na usafiri hupangwa kwa kufuata makadirio hayo. Iwapo eneo limekadiriwa kuwa na watoto 200 na wahudumu wakachanja watoto 200, taarifa itaonyesha asilimia 100. Ikiwa watoto halisi walikuwa 260, kiwango cha kweli ni takribani asilimia 77, na watoto 60 wamebaki bila kinga huku kila mmoja akiamini kazi imekamilika. Hatari huwa kubwa zaidi iwapo watoto hao 60 wote wanaishi katika kitongoji kimoja kipya ambacho hakikuwa katika orodha ya kutembelewa, kwa kuwa ugonjwa wa kuambukiza huenea kwa urahisi pale wasio na kinga wanapokaa pamoja.

Jambo hilo si la kinadharia katika ukanda huu. Mwaka 2023, baada ya mgonjwa wa polio kuthibitishwa katika Mkoa wa Rukwa, Serikali iliendesha mwezi Septemba kampeni ya chanjo ya nyumba kwa nyumba kwa watoto wenye umri chini ya miaka minane katika mikoa sita, ukiwamo Mkoa wa Katavi. Kampeni ya namna hiyo hutegemea kabisa kujua nyumba ziko wapi. Mhudumu mwenye kibebeo cha chanjo begani ana saa chache kabla barafu haijayeyuka. Akikosa kuelekezwa kwenye kitongoji kilicho nyuma ya mbuga ya mpunga, hatakifika.

Ramani ya watu hutengenezwaje

Msingi mkuu wa taarifa zote ni sensa, inayosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa upande wa Tanzania Bara na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa upande wa Zanzibar. Tangu Uhuru, nchi imefanya sensa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kabla ya siku ya kuhesabu, nchi nzima hugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, yenye mipaka inayotambulika, ili kila karani awe na eneo lake, asirudie kaya wala asiiruke.

Sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na mabadiliko makubwa. Makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na mipaka ya maeneo yao ilikuwa katika ramani za kidijitali. Sensa hiyo iliambatana na sensa ya majengo na matumizi ya Mfumo wa Anwani za Makazi, uliopata msukumo wa kitaifa baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua operesheni yake tarehe 8 Februari, 2022. Namba iliyobandikwa mlangoni na nguzo yenye jina la barabara ni sehemu ya mfumo huo. Kwa mwananchi ni njia ya kumwelekeza mgeni, na kwa Halmashauri ni kiungo kati ya jengo na mahali lilipo katika ramani.

Chanzo cha pili ni picha za setilaiti. Programu za kompyuta hufundishwa kutambua mapaa ya nyumba katika picha hizo, kisha idadi ya watu inayojulikana kutoka sensa hugawanywa katika vijiraba vidogo vya ardhi kwa kufuata mahali palipo na majengo. Taasisi kadhaa duniani zimetoa ramani za aina hiyo, baadhi zikiwa na vijiraba vya takribani mita 30 kwa 30. Faida yake ni kwamba makazi mapya yanaweza kuonekana bila kusubiri sensa nyingine.

Chanzo cha tatu ni wananchi wenyewe. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora barabara, majengo na mifereji ya maji katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Wakazi walijua jambo ambalo setilaiti haiwezi kuliona: maji hufika kimo gani ukutani, na mfereji upi umeziba. Taarifa hizo ziliwekwa katika ramani huru ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia.

Kila chanzo kina upungufu wake, na mpangaji makini huvitumia kwa pamoja. Setilaiti huona paa, haioni watu. Ghala la mahindi linaweza kuhesabiwa kuwa nyumba ya familia, na nyumba ya nyasi iliyo chini ya miti ya miombo inaweza kukosekana kabisa. Kambi ya msimu wa mavuno au ya wachimbaji wadogo inaweza kuwa na mamia ya watu mwezi huu na kuwa tupu mwezi ujao. Sensa huhesabu watu wenyewe, lakini hufanyika mara moja katika miaka kumi.

Tatizo la miaka iliyo katikati

Kati ya sensa moja na nyingine, mipango hutegemea makadirio, na makadirio hutegemea kasi ya ukuaji iliyotumika. Chukulia eneo lenye watu 10,000. Likikadiriwa kukua kwa wastani wa Taifa wa asilimia 3.2, baada ya miaka mitano litakuwa na watu takribani 11,700. Likikua kwa wastani wa Katavi wa asilimia 7.1, litakuwa na watu takribani 14,100. Tofauti ni watu wapatao 2,400, ambao hawana dawati, kitanda wala ndoo ya maji katika bajeti.

Ukuaji huo haukutokana na vizazi pekee. Historia ya Mpanda ni historia ya watu kuhamia. Reli kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa ikiunganisha mji huu na Reli ya Kati. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapatia uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi lililoingia nchini mwaka 1972, wengi wao wakiwa katika makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora. Wafugaji na wakulima kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa nao wameendelea kuhamia wakitafuta malisho na ardhi. Kwa sababu hiyo, kasi ya ukuaji ya mkoa haiwezi kutumika kwa kila kijiji bila kuhakikiwa. Kipo kijiji kinachojaa kwa misimu miwili, na kipo ambacho vijana wake wanakihama kwenda mjini.

Umri nao huhesabiwa

Takwimu za sensa hutolewa pia kwa umri na jinsi, na hapo ndipo mipango ya elimu inapopata nafasi ya kutangulia mahitaji. Mtoto aliyehesabiwa Agosti 2022 akiwa hajatimiza mwaka mmoja atatimiza miaka sita katika miezi 12 inayoishia Agosti 2028. Hivyo idadi ya watakaohitaji darasa la kwanza katika kipindi hicho ilikwishajulikana miaka sita kabla, kasoro wale watakaohamia, watakaohama na watakaofariki dunia. Kwa kigezo cha wanafunzi 45 kwa kila chumba cha darasa, watoto 180 wa rika hilo katika kata moja ni vyumba vinne vya darasa la kwanza.

Swali linalofuata ni vijengwe wapi. Iwapo ramani inaonyesha kwamba watoto 90 kati ya hao wanaishi ng'ambo ya mto, kuongeza vyumba vyote vinne katika shule kongwe iliyo upande wa pili ni kuwaongezea watoto hao safari. Hapa ramani inapaswa kusomwa pamoja na majira ya mwaka. Umbali wa kilomita mbili wakati wa kiangazi ni mwendo wa nusu saa. Wakati wa masika, Mto Katuma na vijito vyake vinapojaa, umbali huo huo unaweza kuwa safari isiyowezekana. Vivyo hivyo kwa zahanati: lengo la mwananchi kupata huduma ya afya ndani ya kilomita tano lina maana pale tu kilomita hizo zinapopitika, hasa kwa mama mjamzito anayeanza uchungu usiku.

Kinachopiganiwa

Fedha za maendeleo ni chache kuliko mahitaji. Kila mwaka, kabla ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, mitaa, vijiji na kata huwasilisha vipaumbele vyao, na si vyote vinavyoweza kutekelezwa. Pasipo takwimu, upo uwezekano wa mradi kwenda kwa wenye sauti kubwa kikaoni, au mahali panapofikika kwa gari. Takwimu na ramani humpa diwani, mwenyekiti wa kijiji na mwananchi wa kawaida hoja ambayo haitegemei cheo. Kitongoji cha mbali chenye kaya 150 zilizo umbali wa kilomita tisa kutoka zahanati kinaweza kujitetea kwa ukurasa mmoja wa ramani.

Hata hivyo, ramani haiamui yenyewe. Inaonyesha upungufu ulipo, na wananchi na wawakilishi wao ndio wanaoamua upungufu upi utangulie. Aidha, baadhi ya makazi mapya yako ndani au kandokando ya maeneo yaliyohifadhiwa kisheria. Ramani inaweza kuonyesha kwamba watu wapo, lakini suala la matumizi ya ardhi hiyo hutatuliwa kwa taratibu zake. Kuyajua makazi hayo mapema, kabla hayajawa kijiji kizima, kunapunguza maumivu kwa pande zote.

Usiri wa taarifa

Baadhi ya kaya husita kutoa taarifa kamili kwa hofu ya kodi, ya kuulizwa kuhusu mifugo, au ya kuulizwa kuhusu asili yao. Sheria ya Takwimu, Sura 351, inataka taarifa za mtu binafsi zilizokusanywa kwa madhumuni ya kitakwimu zibaki siri na zitolewe kwa jumla, bila kumtambulisha mtu au kaya. Mpangaji wa huduma hahitaji jina la mtoto ili kupanga dawati. Anahitaji kujua kwamba mtoto yupo, ana umri gani na anaishi upande gani wa kijiji. Kaya inayojificha haipati nafuu yoyote, na inawapunguzia majirani zake haki yao ya dozi, dawati na maji, kwa kuwa wote watatumia huduma iliyopangwa kwa watu pungufu.

Wajibu wa mwananchi

Kati ya sasa na sensa ijayo, usahihi wa taarifa za Mpanda utategemea sana ofisi za watendaji wa mitaa na vijiji. Wananchi wanahimizwa kufanya mambo yafuatayo:

Kwanza, kujiandikisha katika rejista ya wakazi kwa mtendaji wa mtaa au kijiji mara wanapohamia, na kutoa taarifa wanapohama.

Pili, kusajili vizazi na vifo kwa wakati. Kizazi kisichosajiliwa ni mtoto asiyeonekana katika mipango, na kifo kisichosajiliwa hubaki kuwa hesabu hewa.

Tatu, kutunza vibao vya namba za nyumba na nguzo za majina ya barabara, na kutoa taarifa jengo jipya linapokamilika bila kupewa namba.

Nne, wenyeviti wa vitongoji kumjulisha mtendaji pindi kundi la kaya mpya linapoanza makazi, hata kama nyumba bado ni za muda.

Tano, kuhudhuria mikutano ya mtaa na mikutano mikuu ya vijiji, na kuuliza maswali mawili kila mradi unapojadiliwa: idadi ya watu iliyotumika ni ya mwaka gani, na ni kaya zipi zitakazobaki nje ya umbali wa huduma baada ya mradi kukamilika.

Swali hilo la mwisho linamhusu kila mkazi. Kaya iliyo mbali zaidi na kituo cha maji ndiyo inayojua vyema kama mpango ulikuwa sahihi, na taarifa yake inapaswa kufika ofisini kabla bajeti haijafungwa.